Usinisemeshe Nikitembea

Treni ya kutoka Kigoma ikiingia stesheni ya Tabora, hakuna anayebaki amekaa. Wauza karanga na asali huinuka kwa pamoja, wapokea mizigo hukimbilia behewa la mwisho, na akina mama hujifunga kanga upya viunoni kana kwamba wanakwenda kupigana. Jumanne hiyo mchana, katika purukushani hiyo yote, mwanamke mmoja tu ndiye aliyetembea taratibu, macho chini, midomo imefungwa. Alivaa gauni refu la kitenge cha njano na bluu, raba nyeupe, na hereni kubwa za duara zilizogusa mabega kila alipogeuka. Usingemjua ungesema anatafuta kitu alichodondosha.

Asnath hakudondosha kitu. Alikuwa anatembea. Wengi wetu kutembea kunajiendea kwenyewe huku sisi tukiwaza mengine. Kwa Asnath ilikuwa kazi, na aliifanya kama kazi: mguu wa kulia, ambao ni wake, kisha wa kushoto, ambao kuanzia chini ya goti ni wa bandia, angalia ukingo, angalia kamba ya mzigo, angalia ganda la ndizi. Alikuja kupokea kiroba cha mchele alichotumiwa na dada yake kutoka Kaliua. Zilibaki hatua kama ishirini kufika kwenye behewa la mizigo pale simu ilipoita mkononi.

Alijua hatakiwi kupokea. Lakini ilikuwa ya kazini.

"Asnath, mgeni wa saa nane ameahirisha," alisema mtu wa studio. "Tunaweka nini?"

Akili ikakimbilia studio, mguu ukaachwa peke yake. Ncha ya raba ya kushoto ikakwaa kwenye ukingo wa saruji, dunia ikainama, na simu ikaruka. Kabla hajafika chini mkono mmoja mgumu ulimdaka kiwiko.

"Pole, dada. Nimekushika."

Hakujibu.

"Umeumia?"

Bado hakujibu. Alihesabu hatua nne hadi kwenye benchi, akageuka, akakaa, akavuta pumzi. Ndipo maneno yakaja, mengi na yamenyooka kama kawaida yake.

"Asante sana, kaka yangu. Sijaumia, ila nimetia aibu stesheni nzima. Simu yangu iko wapi? Usiniambie imeingia chini ya treni, maana hapo nitalia kweli."

Mwanamume yule alikuwa amesimama na simu mkononi, mdomo wazi. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayomeremeta, buti zimejaa vumbi, na begani amebeba spana ndefu kama mwiko wa ugali wa shule.

"Hebu sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Sema, 'Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, mkoa mzima mchana mwema.'"

Asnath alicheka. Ndivyo alivyofungua kipindi chake redioni kila siku ya kazi, mwaka wa tano sasa.

"Mimi naitwa Xavery," alisema yule bwana huku akimpa simu. "Mtu wa gengi la reli. Kutwa natembea nikiangalia boliti zilizolegea, na redio ndogo iko mfukoni hapa. Kwa hesabu zangu, mimi na wewe tumeshatembea pamoja kama mara tano kwenda Kigoma na kurudi."

"Na hukunichoka?"

"Nilikuchoka ulipokwenda likizo. Walimweka jamaa mmoja anakohoa."

Wakacheka wote wawili. Xavery akaenda mwenyewe kuchukua kiroba, na aliporudi alikuwa ameshapanga jinsi ya kuomba namba.

*

Mapenzi yao yaliota kwenye simu. Xavery alikuwa na tabia moja: akikaa hana maneno. Mweke kwenye kiti, mpe soda, atakutazama tu na kutabasamu. Lakini akishaanza kutembea maneno yanamtoka bila kikomo. Kwa hiyo alimpigia Asnath akiwa njiani, na Asnath, amejilaza kitandani au amekaa studio baada ya kipindi, alisikia kokoto zikilia chini ya buti huku sauti ya Xavery ikimweleza kila kitu.

"Uko wapi sasa hivi, mtu wa reli?"

"Nimefika kwenye daraja dogo. Leo wenzangu nimewatia adabu. Nimetembea juu ya reli moja, hatua mia mbili, sijakanyaga chini."

"Una miaka thelathini na nne, Xavery."

"Ndiyo maana nina ujuzi. Wewe njoo siku moja nikuonyeshe, uache kunidharau."

Siku ya tatu walipokutana, kwenye mgahawa mmoja karibu na soko, Asnath alimwonyesha mguu. Alipandisha gauni kidogo, akamwambia habari ya pikipiki, barabara ya Sikonge, miaka sita iliyopita, wiki saba za hospitali. Alisema haraka haraka, akisubiri ile sura ambayo wanaume wawili kabla yake walishamwonyesha.

Xavery aliutazama mguu, kisha akamtazama yeye. "Unauma?"

"Jioni, nikiwa nimesimama sana."

"Basi jioni tutakuwa tunakaa," alisema, akaendelea na wali wake. Asnath alimpenda pale pale, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hilo hakulisema. Wakati anajifunza kutembea upya, mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo, mzee Vedasto, alimwambia avuke ukumbi huku akihesabu kurudi nyuma kutoka mia, akiruka saba saba. Asnath, aliyefaulu hesabu tangu darasa la kwanza, alisema tisini na tatu, akasema themanini na sita, kisha hatua zikaanza kuyumba, namba zikapotea, akaanguka kwenye godoro.

"Si ujinga," Vedasto alimwambia. "Mguu wako wa zamani ulikuwa unaleta habari kichwani bila wewe kuulizwa. Huu hauleti habari. Lazima kichwa kiufuate, hatua kwa hatua. Ukikipa kichwa kazi nyingine, kimojawapo kitaanguka, maneno au wewe."

Asnath alisikia neno moja tu, ujinga, ingawa Vedasto alilikataa. Watu walikwisha kumwita nusu mguu. Hakutaka wamwite nusu kichwa, yeye ambaye kula yake ni kuongea. Akaamua kwamba njiani atanyamaza, na anayetaka kusema anaringa aseme.

Na walisema.

*

Mama Dafrosa, mama yake Xavery, alikuwa mjane wa mtaa wa Isevya, mwanamke wa jumuiya ya kanisani, mnyoofu kama rula. Alishaambiwa habari za mguu akasema si neno. Picha ya Asnath alikuwa ameiona kwenye simu ya mwanawe. Jumamosi moja sokoni aliiona picha hiyo inakuja, imevaa gauni la zambarau, imebeba mfuko wa nyanya, inavuka ubao uliowekwa juu ya mtaro.

Mkubwa hamwanzi mdogo salamu. Mdogo ndiye anayetoa shikamoo. Lakini mama alifurahi, akajishusha, akaanza yeye. "Mwanangu Asnath, hujambo?"

Ubao ulikuwa na upana wa viganja viwili na ulikuwa unacheza. Asnath alisikia sauti kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati la jirani. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Mama akaita tena. Asnath alipokanyaga upande wa pili na kugeuka, aliona migongo ya watu tu.

Jioni hiyo Xavery alipiga simu. Kokoto hazikulia. Alikuwa amekaa, na hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya.

"Asi, leo ulikwenda sokoni?"

"Nilikwenda. Kwa nini?"

"Mama alikuita. Mara mbili, kwa jina. Anasema ulimpita."

Ukweli ulikuwa umeshafika mdomoni, ulihitaji kusukumwa tu.

"Sikumwona, mpenzi," alisema. "Jua lilikuwa kali mno."

"Jua linaziba na masikio?"

"Xavery."

"Nimeuliza tu. Mama anasema kwenye redio unaamkia mkoa mzima, ila njiani humwoni mtu. Mimi nimekutetea. Jumapili ijayo tunakwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Ukimwamkia vizuri, hili litakwisha."

"Litakwisha," alisema Asnath, akiwa ameshaanza kuogopa Jumapili.

Wiki nzima alifanya mazoezi ya kupiga magoti. Kwao Ipole na kwa akina Xavery desturi ni ile ile: binti anayetambulishwa hakai sebuleni kama mgeni, hupita na jagi na beseni, akawanawisha wakubwa mikono mmoja mmoja, akiwa amepiga magoti. Asnath alipiga magoti mbele ya kitanda, akainuka, akapiga tena, mpaka kigutu kikawaka moto. Kuinuka alikuweza. Hakukumbuka kufanya mazoezi ya kuulizwa huku anatembea.

*

Bajaji iliwaacha barabarani, maana kichochoro cha kwenda kwa Mama Dafrosa kina mchanga mwingi. Xavery alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mikunjo. Asnath alivaa kitenge kipya chenye mabega ya kupanda, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na chini raba zake zile zile. Mchanga ulikuwa adui yake mkubwa. Ulikuwa unateleza chini ya unyayo usiohisi kitu.

Wakaanza kutembea, na Xavery, kwa kuwa anatembea, akaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, sauti yake ikiwa chini. Akanyamaza. Kisha akasema tena kitu kifupi na kusubiri. Asnath aliijua sauti, hakuyajua maneno. Alikuwa kwenye ukingo wa tuta, baiskeli inakuja, mguu wa kushoto unazama. Xavery akarudia.

Walipofika kwenye lango, chini ya kivuli, Asnath alisimama imara na kutabasamu kwa kuwa amefika. "Jua la leo lina hasira. Kilemba kimekaa sawa?"

Xavery alimtazama kwa muda. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa mchana.

"Kimekaa," alisema. "Tuingie."

Shikamoo ilikwenda vizuri, maana aliitoa amesimama. Mama Dafrosa aliitikia marahaba bila baridi. Pembeni yake alikaa shangazi Benedikta, dada wa marehemu baba, mwanamke mnene mwenye macho ya haraka. Chakula kikaiva. Asnath akapewa jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, na sebule ya hatua saba mbele yake, yenye mkeka uliokunjamana katikati.

Alikuwa kwenye hatua ya tatu pale shangazi alipomsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwadila, mayu," yaani za mchana, mama.

Salamu ya kwao haiishi kwa neno moja. Inataka itikio, kisha inauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, na kila swali lina jibu lake. Asnath alisikia vizuri safari hii, maana alikuwa anaisubiri. Macho yote yalikuwa juu yake. Akikaa kimya, hadithi ya soko imethibitika. Akaamua kujibu.

"Mwadila..."

Ncha ya raba iliingia chini ya mkunjo wa mkeka. Jagi lilikwenda mbele, beseni likagonga meza, na maji yote yakamwagikia mapajani mwa Mama Dafrosa, kwenye kitenge cha sikukuu. Asnath alianguka ubavu, mguu wa bandia umepinda nje mbele ya watu.

Hakuna aliyepiga kelele, na ingekuwa afadhali wangepiga.

"Labda hakutaka kutunawisha," alisema shangazi taratibu.

"Mwache," alisema Mama Dafrosa, akikamua kitenge. "Asiyetaka halazimishwi."

Asnath alitaka kusema nataka, nataka kuliko kitu chochote, lakini alikuwa anatafuta jinsi ya kuinuka, na hayo mawili hayakuwahi kukaa pamoja kichwani mwake. Xavery alimwinua. Alimwinua vizuri, kwa uangalifu, bila kumtazama usoni, akampeleka hadi kwenye bajaji.

*

Siku nane simu haikuita. Kila mchana Asnath aliuamkia mkoa mzima kwa sauti ya furaha, na mkoa haukujua kwamba akizima kipaza sauti analala kichwa juu ya meza. Alipiga, Xavery hakupokea. Aliandika ujumbe, akaufuta. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hasira, maana ni mwanamume gani anayeacha mtu kwa sababu ya jagi la maji?

Siku ya tisa, Jumatatu, simu iliita. Kokoto zililia.

"Nahamishiwa Kaliua," alisema Xavery bila kusalimia. "Gengi la njia ya Mpanda. Naondoka Ijumaa. Nimeona si vizuri usikie kwa watu."

"Ijumaa hii? Ulitaka kuniambia lini?"

"Nikwambie ili iweje, Asnath? Jibu lako nililipata."

"Jibu gani? Kwa sababu nilimwagia mama maji?"

"Maji hukauka. Nazungumzia njiani. Nilikuuliza mara mbili, tena kwa unyenyekevu, mpaka jasho likanitoka. Ukanyamaza. Halafu tumefika langoni unaniuliza habari ya kilemba."

Asnath alishika ukingo wa meza. "Uliniuliza nini?"

Kokoto zikaacha kulia. "Usinifanyie hivyo."

"Xavery, sikusikia. Naapa. Uliniuliza nini?"

"Nilikuwa hatua moja kutoka kwako. Kama hukusikia mtu aliye hatua moja, basi hukutaka kusikia, na jibu ni lile lile." Kokoto zikaanza tena kulia. "Kwaheri, Mama Redio."

Asnath alikaa na simu iliyokatwa sikioni. Hakuhitaji kuambiwa swali lilikuwa nini. Mwanamume aliyekuwa anampeleka mwanamke kwa mama yake, amevaa shati jeupe, anatokwa jasho, anauliza swali moja tu. Swali alilolingoja tangu benchi la stesheni lilipita sikioni mwake wakati yeye anashughulika na tuta la mchanga. Asnath alilia, kisha akajikasirikia kwa kulia, kisha akampigia Vedasto.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, binti. Mguu unasumbua?"

"Kinachosumbua ni kichwa. Nataka kumwonyesha mtu mwenye miguu miwili jinsi ilivyo. Nikimweleza hataamini, atadhani najitetea."

Vedasto alifikiri. "Mtu wa miguu miwili mpe njia nyembamba. Mweke mahali ambapo kila hatua lazima aifikirie. Kisha msemeshe."

*

Jumatano, kipindi kilipokwisha, bajaji ilimshusha nyuma ya stesheni, kwenye njia ya pembeni isiyotumika, ambako gengi huweka vifaa vyao. Reli pale zimeshika kutu na majani yameota kati ya mataruma yanayobeba reli. Xavery na wenzake wanne walikuwa wanapakia makoleo kwenye kitoroli.

Hatua thelathini za kokoto. Hakuna ardhi mbaya kuliko hiyo kwa mguu wake, na kila jiwe lilikuwa na nia yake. Asnath alikunja gauni mkononi mpaka chuma cha mguu kikaonekana, akaanza.

"Mama Redio huyo, karibu sana," aliita mmoja wa wale wanaume, mfupi mwenye kofia.

Hakujibu. Xavery alisimama wima, koleo mkononi, uso umekaza. Hatua kumi. Hatua ishirini. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alipofika kwenye taruma moja pana alipanga miguu yote miwili, akajihakikishia, ndipo akainua kichwa.

"Nimekaribia, kaka yangu, asante. Salama? Sikukupuuza, nilikuwa natembea." Kisha akamgeukia Xavery. "Uliniambia njoo siku moja unionyeshe. Nimekuja. Panda juu ya reli."

"Asnath, nina kazi."

"Hatua mia tu, hadi pale reli inapoishia. Ukimaliza naondoka, sitakusumbua tena, nenda Kaliua kwa amani."

Wenzake walitazamana. Xavery aliweka koleo chini, akapanda. Alitembea vizuri kweli, mgongo umenyooka, buti mbele ya buti. Asnath alibaki amesimama kwenye taruma lake na kupaza sauti ile ambayo mkoa mzima unaijua.

"Sasa hesabu kutoka mia, kurudi nyuma, ukiruka saba saba."

"Ya nini?"

"Hesabu."

"Tisini na tatu," alisema Xavery. Mikono ikafunguka. "Themanini na sita." Hatua zikafupika. "Sabini na... na..."

"Endelea."

"Sabini na tisa." Mwili ulipepesuka, akajishika. Baada ya hapo hakusema namba yoyote. Alitazama chini, akaitafuta reli kwa buti.

"Mbona umenyamaza? Xavery, mama yako hajambo?"

Kimya.

"Xavery, unanipenda?"

Kimya. Yule mwenye kofia aliacha kutabasamu.

"Nimekuuliza mara ya pili. Unanipenda au hunipendi?"

Xavery aligeuza kichwa ili ajibu, na buti likateleza. Akaanguka kwenye kokoto kwa magoti na viganja.

"Nakupenda," alisema akiwa chini, anahema. "Unajua nakupenda."

"Sasa mbona ulinyamaza? Nimekuuliza jambo kubwa kuliko yote, tena kwa unyenyekevu. Nikaseme kwa watu kwamba unaringa?"

"Nilikuwa naangalia nisian..."

Neno halikwisha. Xavery alibaki amepiga magoti, viganja vimechubuka, akitazama raba nyeupe pale kwenye taruma, kisha ule mstari wa kokoto aliokuja nao Asnath kutoka kwenye bajaji. Uso wake ulibadilika polepole.

"Njia yote?" aliuliza. "Hata sokoni?"

"Sokoni. Kwenye mchanga wa kwenu. Kwenye mkeka wa mama. Wewe ukishuka hapa unarudi kwenye ardhi ya kawaida. Mimi sishuki."

"Kwa nini hukuniambia? Mguu uliniambia siku ya tatu."

"Mguu uliondoka na pikipiki, si kosa langu. Hili niliogopa utadhani sina akili." Asnath aliliachia gauni alilokuwa amelikunja mkononi. "Nilikudanganya habari ya jua. Nisamehe. Ningekwambia siku ile ile, ungejua kuninyamazia."

Xavery alijisogeza, akakaa juu ya reli, akapangusa nafasi pembeni yake kwa mkono uliochubuka. Wenzake, watu wenye adabu zao, waligundua kwamba kitoroli kinahitaji kusukumwa mbali.

"Kaa," alisema.

Asnath alimsogelea taratibu, akakaa. Reli ilikuwa ya moto na hakujali.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa."

Na yeye Xavery, ambaye akikaa hana maneno, aliyatafuta moja moja huku midomo ikimkauka. "Nataka kupeleka watu Ipole kwa baba yako. Hilo ndilo nililouliza. Unakubali?"

"Nimelisikia lote," alisema Asnath. "Nakubali. Ila kabla hujapeleka watu nipeleke tena kwa mama yako. Kesho. Nataka kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Mama ni mgumu."

"Na mimi nimevuka kokoto."

*

Alhamisi saa tisa mchana, mchanga wa Isevya ulikuwa ule ule. Mizigo ya Xavery ilikuwa imeshafungwa, treni ni kesho yake. Kama mama angekataa, angeondoka na neno la mama moyoni, na Asnath alimjua vya kutosha kuelewa kwamba mtoto wa kiume wa pekee wa mjane hapeleki watu popote bila baraka. Alitembea na hofu hiyo kifuani. Xavery alitembea pembeni yake, hatua kwa hatua, kimya kabisa, mdomo ameubana kama aliyeweka maji ndani. Kwa mtu kama yeye, kutembea bila kuongea ilikuwa adhabu, na Asnath alihisi upendo wake katika kimya kile kuliko katika maneno yote ya simu.

Mama Dafrosa na shangazi Benedikta walikuwa wamekaa barazani. Waliwaona tangu langoni. Kutoka langoni hadi barazani ni hatua ishirini na mbili. Asnath alisubiri jina lake liitwe, alisubiri salamu, mabega yamemkaza. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Kwa pembe ya jicho aliona shangazi anafungua mdomo, na mkono wa Mama Dafrosa ukitua juu ya goti la wifi yake na kumbana.

Hakuna aliyesema neno. Uani kuku walichakura, jirani alitwanga, na wale wanawake wawili walimngoja. Walimngoja mpaka alipofika kwenye ngazi, akapanga miguu yote miwili, akainua uso.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Dafrosa. "Umefika?"

"Nimefika, mama. Nimekuja kukueleza..."

"Ameshatueleza huyu," alidakia shangazi, akimwonyesha Xavery kwa kidevu. "Tangu jana jioni hatujapumzika. Ametupangia matofali hapa uani, anatutembeza juu yake, watu wazima, huku anatuuliza majina ya wajukuu. Mimi nilimsahau Levina. Levina, niliyemlea."

"Na mimi nilianguka," alisema Mama Dafrosa. Hakucheka. Alimtazama Asnath kwa muda, macho yamelegea. "Siku ile sokoni ulikuwa juu ya ubao."

"Ndiyo, mama. Nilikusikia nilipomaliza kuvuka. Nikageuka, sikukuona."

"Sikukungoja," alisema mama. "Hilo ni langu. Panda, ukae."

Asnath alipanda, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. Mama Dafrosa akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Shangazi alitaka kuinuka ampokee, akatikisiwa kichwa. Mama akaja polepole mbele ya binti, akainama, akaweka beseni chini ya mikono yake.

"Nawa," alisema. Maji yakaanza kumwagika, ya vuguvugu. "Kisha uniambie, watu wangu wafike Ipole siku gani."

Asnath alitazama maji yakipita kati ya vidole vyake. Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa amekaa, na akikaa maneno hayajawahi kumkosa.

"Jumamosi ya wiki ijayo, mama," alisema. "Wakati wa asubuhi, kabla mchanga haujawaka."